Jinsi ya kujitoa kwenye orodha ya barua pepe bila kuwasumbua wenzako

Ukichoka na barua za orodha fulani, kabla hujaandika neno lolote, shuka mpaka chini kabisa ya barua yenyewe. Mara nyingi njia ya kutokea imeandikwa hapo kwa herufi ndogo: "Unsubscribe", au "Jiondoe", au sentensi yenye kiungo cha kubonyeza. Wengi hawafiki huko. Tena Gmail ikiona maneno yaleyale yanajirudia katika mfululizo wa barua, huyaficha nyuma ya vitone vitatu, na maneno ya kujitoa ni miongoni mwa yanayojirudia. Kwa hiyo gusa vile vitone, barua ifunguke yote, kisha usome mpaka mwisho.

Mimi nasimamia orodha ya wafanyabiashara wa dagaa hapa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Kila wiki tunawatumia wanachama bei ya gunia, hali ya mzigo kutoka visiwani na mabadiliko ya ushuru na vibali. Wasomaji wetu wako Mwanza mjini, Nansio, Musoma, Bukoba, na wengine ni wanunuzi wa nje, Bujumbura na Lubumbashi. Wakati wa giza watu wako kazini na hakuna anayelalamika. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti tena dagaa, mitumbwi inapandishwa, watu wanapata nafasi ya kufungua barua zilizolala. Ndipo yanapoanza: "Nitoeni." Kesho yake: "NITOENI." Halafu wa tatu anaandika "hata mimi", na wa nne anawakemea wenzake waache kujibu watu wote, naye kemeo lake linamfikia kila mtu.

Sikubali watu hawa waitwe wajinga. Karibu kila anayepiga kelele mbele ya watu wote ameshajaribu njia nyingine ikagoma, au hakuoneshwa njia yoyote tangu alipoingizwa. Ninayoandika hapa ni kwa ajili yake, na mwishoni nina maneno kwa wasimamizi wenzangu.

Kwanza fahamu kwamba orodha nyingi zinaendeshwa na programu, na programu hiyo huwa na anwani zaidi ya moja. Iko anwani ya kuongea na wanachama wote, na iko anwani ya kuongea na programu yenyewe. Ukituma "nitoeni" kwenye ile ya kwanza, programu haielewi kwamba unaomba kutoka. Inaona ni barua kama barua nyingine, inaisambaza. Kama orodha yenu iko Google Groups, tuma barua tupu kwenda kwa jina la kikundi likifuatiwa na +unsubscribe kabla ya alama ya @, yaani jinalakikundi+unsubscribe@googlegroups.com. Vyuo na taasisi za utafiti hupenda kutumia programu iitwayo Mailman. Huko unaongeza -leave mwishoni mwa jina la orodha, kabla ya @, unatuma. Kwa orodha za Listserv, ambayo ni programu ya zamani iliyoanza mwaka 1986, unaiandikia anwani ya programu neno SIGNOFF na jina la orodha. Barua ya kukaribishwa uliyopata siku ya kwanza kwa kawaida inaeleza yote haya. Itafute kwenye sanduku lako kwa kuandika jina la orodha sehemu ya kutafutia.

Matangazo ya maduka, mashirika ya ndege na benki ni rahisi zaidi siku hizi. Ndani ya kila barua kuna mistari ya kichwa ambayo msomaji haoneshwi, na tangu 1998 kuna kanuni ya kiufundi, RFC 2369, inayoelekeza jinsi ya kuandika humo anwani ya kujitoa. Mwaka 2017 ikaja nyingine, RFC 8058, ya kujitoa kwa mbonyezo mmoja. Kisha Februari 2024 Google na Yahoo wakaanza kuwabana watumaji wakubwa: kwa Gmail, anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku lazima aweke mbonyezo huo kwenye matangazo yake, na ombi lishughulikiwe ndani ya siku mbili. Ndiyo maana unaona neno "Unsubscribe" juu, karibu na jina la mtumaji, au ndani ya vitone vitatu vya pembeni. Hilo limewekwa na Gmail kutoka kwenye ile mistari iliyofichika. Libonyeze bila wasiwasi kama mtumaji unamfahamu.

Sasa tuje kwenye tatizo linalowaliza wengi kuliko yote: umebonyeza, umefuata maelekezo, programu inakujibu kwamba wewe si mwanachama. Na bado barua zinakuja.

Mama mmoja anayeleta mzigo kutoka Musoma alinipigia akiwa amekasirika kwelikweli. "Mwanangu, mashine yenu inasema simo. Kama simo, hizi barua ni za nani?" Alikuwa na haki, na mashine nayo ilikuwa inasema kweli. Anwani aliyosajiliwa nayo alifunguliwa na mpwa wake kwenye steshenari miaka ya nyuma. Alipobadili simu, mpwa akamfungulia anwani mpya na kupanga barua zote za anwani ya zamani zipelekwe kwenye mpya. Mama alikuwa anaomba kutoka kwa jina ambalo orodha haikulijua, huku lile linalojulikana likiendelea kupokea kimyakimya. Hali hii naikuta pia kwa watumishi waliojisajili kwa anwani ya ofisi, na kwa wale walioingizwa na shirika kupitia anwani ya pamoja kama info@ au mauzo@, ambayo inawagawia barua watu kadhaa.

Dawa yake ni kuitafuta anwani iliyosajiliwa. Kwenye simu, gusa maneno yaliyo chini ya jina la mtumaji, yale yanayoonesha barua imetumwa kwa nani, uone anwani kamili. Isipotosha, fungua Gmail kwenye kompyuta, hata ya steshenari, nenda kwenye vitone vitatu vya barua, chagua "Show original". Litatokea rundo la maandishi linalotisha macho. Usiyasome yote. Tafuta mstari unaoanza na Delivered-To, kisha angalia kama kuna anwani nyingine yako ya zamani mahali popote humo. Orodha nyingine huandika anwani yako ndani ya kiungo cha kujitoa chenyewe, hivyo kiangalie na hicho. Ukimaliza kwenye kompyuta ya watu, toka kwenye akaunti yako kabla hujanyanyuka.

Kosa dogo linalofanana na hilo ni kutothibitisha. Programu nyingi zikipata ombi lako hukutumia barua ya kuuliza kama kweli ni wewe, ili mtu mwingine asije akakutoa kwa hila. Usipoijibu, ombi linakufa. Barua hiyo hupenda kuangukia kwenye folda ya spamu, na huko ndiko wengi wanaiacha.

Yote yakishindikana, mwandikie msimamizi peke yake. Jina lake liko kwenye barua ya kukaribishwa, au tumia jina la orodha likifuatiwa na -owner kwenye Mailman, au +owners kwenye Google Groups. Ujumbe uwe mfupi na uwe na kila anachohitaji:

"Habari za kazi. Naomba kuondolewa kwenye orodha ya bei za dagaa. Barua zinanifikia kwenye anwani hii, lakini huenda nilisajiliwa kwa anwani ya zamani, ambayo ni hii hapa. Nimejaribu kiungo cha chini, kinajibu kwamba simo. Nimeambatanisha picha ya barua ya mwisho niliyopata. Asante sana."

Ukiniandikia hivyo, unatoka ndani ya dakika chache, kwa sababu sihitaji kukuuliza chochote.

Kuna orodha ambayo si orodha. Mtu amekusanya anwani zote kwenye sehemu ya mpokeaji, akatuma mwaliko wa kikao au tangazo la msiba. Hapo hakuna programu, hakuna kiungo, na hakuna atakayekutoa isipokuwa mtumaji kukuacha safari ijayo. Mjibu yeye tu. Na kama wewe ndiye mtumaji, weka majina kwenye nakala fiche, ile sehemu ya Bcc. Umewalinda watu wasianikiwe anwani zao, na umezuia mafuriko ya majibu kabla hayajaanza.

Mafuriko hayo si jambo dogo. Novemba 2016 huko Uingereza, barua ya majaribio ilitumwa kwa bahati mbaya kwa watumishi wa huduma ya afya ya taifa, NHS, akaunti zipatazo 840,000. Watu wakaanza kujibu wote wakiomba kuondolewa, na mfumo wa barua ukazidiwa, watu wanaohudumia wagonjwa wakacheleweshewa barua zao. Kila aliyeandika "nitoeni" aliongeza mzigo uleule alioukimbia. Ukiona mafuriko yameanza kwenye orodha yako, usiandike hata neno la kutuliza. Zima mazungumzo hayo kwa kuchagua "Mute" kwenye Gmail, umwandikie msimamizi pembeni, basi.

Kuhusu spamu: ukipata barua ya mtu usiyemjua inayokuahidi fedha au mkopo, usibonyeze kiungo chake cha kujitoa, maana unamthibitishia kwamba anwani yako ina mtu hai. Iripoti kama spamu, uifute. Lakini orodha uliyojiunga kwa hiari usiiripoti spamu eti kwa sababu umeichoka. Gmail inahesabu malalamiko hayo, na yakizidi, barua za orodha zinaanza kuangukia spamu kwa wenzako wanaozihitaji kesho asubuhi ili kujua kama wauze au wasubiri. Ujumbe wa simu wa utapeli, ule wa "tuma kwenye namba hii", upeleke kama ulivyo kwenye namba 15040, ya kuripoti utapeli hapa Tanzania.

Wasimamizi wenzangu, sehemu kubwa ya kelele hizi iko mikononi mwetu. Usimwingize mtu kwenye orodha kwa sababu tu alikuachia kadi yake Nanenane pale Nyamhongolo. Muulize kwanza. Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na anwani ya barua pepe ya mtu ni taarifa yake binafsi. Hata kabla ya hapo, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ilishataka matangazo ya biashara yampe mpokeaji nafasi ya kukataa.

Panga orodha ili anayebonyeza "Jibu" amfikie mwandishi mmoja, wasipokee wote. Kama ni orodha ya kutoa taarifa tu, funga kabisa uwezo wa wanachama kutuma kwa wote. Maelekezo ya kujitoa yaandike kwa Kiswahili, juu ya barua na siyo chini tu, pamoja na namba ya simu, kwa sababu wapo wazee wanaosoma barua vizuri lakini kiungo kinawashinda. Mtu akikosea akaomba mbele ya wote, mtoe, kisha umjibu yeye peke yake kwa heshima, "Shikamoo mzee, nimeshakutoa, barua ya wiki hii haitakufikia." Usimtaje hadharani, usimfundishe adabu mbele ya wateja wake, na usimuulize anaondoka kwa nini. Na akiandika msimu ujao kuomba kurudishwa, mrudishe siku hiyohiyo, ila uhakikishe safari hii ni kwa anwani anayoitumia.