Eabrashi kwa vijahazi: upepo kwanza, rangi baadaye
Jamani mnaotengeneza vijahazi vya mapambo hapa Lamu, ukishapata eabrashi, ile kalamu ya kupulizia rangi kwa upepo, usikimbilie chombo ulichokikeshea wiki nzima, piga kwanza kwenye boksi kuukuu mpaka kidole kizoee. Siri iko kwenye kile kitufe, bonyeza upepo utoke kwanza ndo uvute nyuma rangi ije, na ukimaliza mstari rudisha rangi kwanza, upepo uwe wa mwisho, ukifanya kinyume itakutemea matone ubavuni na hapo ni msasa upya. Rangi ya akriliki iwe nyepesi kama maziwa yaliyotiwa maji, mi huongeza maji kidogo kidogo, na presha ya upepo ya psi 15 hadi 20 yatosha kwa kazi ndogo. Halafu hii hewa yetu ya bahari ina unyevu si mchezo, maji yanajikusanya kwenye mpira wa kompresa, ile mashine ya kusukuma upepo, unashtukia yametoka pamoja na rangi, kwa hivyo funga kichujio cha maji. Kupaka barazani kusi ikivuma? Sahau. Barakoa vaa, na sindano ya ndani ya eabrashi osha palepale, akriliki ikikauka mle ndani utaikoma.