Jijue kwanza kabla hujamlaumu mwenzio

Jamani wa Lamu, ukiona kila siku wagombana na mpenzio, hebu kaa peke yako ujiulize, mimi nikiogopa huwa nafanya nini? Kuna anaenuna, kuna anaepiga simu mfululizo na mwenzake yuko baharini hana netiweki, kumbe ni hofu ya kuachwa tu. John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza, alieleza vile mtoto hushikamana na mlezi wake, na 1987 wanasaikolojia Cindy Hazan na Phillip Shaver wakaonyesha hata mapenzi ya watu wazima yana mitindo kama hiyo.

Ukishaijua hofu yako mwambie kwa upole, "ukikawia naingiwa na wasiwasi, ukifika gatini nitumie meseji hata neno moja." Usingoje abahatishe.

Mkigombana na moyo wadunda, pumzikeni. John Gottman, mwanasaikolojia wa mambo ya ndoa, ashauri angalau dakika 20, basi tembea mpaka uwanja wa Mkunguni urudi, lakini sema utarudi saa ngapi, asije akadhani umemsusa.

Na yale usoyaweza kabisa, madeni, kuishi na wakwe, uke wenza, yaseme kabla ya posa, tafadhali sana.