Kusoma kwa SQL majedwali ya programu-jalizi ya mahitaji kwenye Jira

Tuseme timu iliyoko Moshi inajenga mfumo wa kupokea kahawa kwenye vyama vya ushirika, na mahitaji yote yamo Jira (programu ya kufuatilia kazi), mradi KHW, inayotumia hifadhidata ya PostgreSQL. Yanasimamiwa kwa programu-jalizi, yaani programu ya nyongeza ndani ya Jira. Mteja anataka orodha ya mahitaji ambayo hayajaunganishwa na kitu chochote, na skrini ya programu-jalizi haiitoi.

Fanyia kazi nakala ya hifadhidata, kwa mtumiaji mwenye ruhusa ya SELECT (kusoma) tu. Usiandike humo kamwe: Jira ina faharasa na kashe zake, na haitajua ulichobadilisha.

Majina ya majedwali ya programu-jalizi huanza na AO_ na alama sita za herufi na tarakimu, mfano AO_60DB71 ni ya mbao za kazi (boards) za Jira Software yenyewe. Tafuta ya kwako hivi:

SELECT table_name, column_name, data_type
FROM information_schema.columns
WHERE table_name LIKE 'AO\_%' AND column_name LIKE '%ISSUE%';

Ikirudi tupu, angalia ruhusa kwanza: orodha hii huonyesha tu majedwali uliyoruhusiwa. Programu-jalizi ikiboreshwa na kuongeza jedwali, GRANT (amri ya kutoa ruhusa) ya zamani hailifikii.

Majina haya yana herufi kubwa, kwa hiyo yazungushie alama mbili za kunukuu: "AO_60DB71_RAPIDVIEW". Bila hizo PostgreSQL huyageuza kuwa herufi ndogo, kisha hukuambia jedwali halipo. Kosa hili hula saa nzima za watu.

Mara nyingi ndani ya majedwali hayo utakuta namba ya ndani ya hitaji tu. Maneno ya hitaji yamo jiraissue. Unganisha namba hiyo na jiraissue.id. Ikiwa imehifadhiwa kama maandishi, igeuze kwa CAST, la sivyo muungano utakataa. Namba unayoiona kwenye skrini, mfano KHW-12, haimo jiraissue kama ilivyo: huundwa na project.pkey na issuenum. Safu ya pkey ndani ya jiraissue ni mabaki ya zamani, iache.

Viungo vya kawaida vya Jira vimo issuelink:

SELECT p.pkey || '-' || j.issuenum, j.summary
FROM jiraissue j JOIN project p ON p.id = j.project
WHERE p.pkey = 'KHW' AND NOT EXISTS
(SELECT 1 FROM issuelink l WHERE j.id IN (l.source, l.destination));

Ukiangalia source peke yake, hitaji lililounganishwa kutoka upande wa pili litaonekana yatima, na mteja atapewa orodha ya uongo. Kama programu-jalizi ina jedwali lake la viungo, ongeza NOT EXISTS ya pili kwa ajili yake.