Orodha ya sokoni kichwani, kwa barabara za Ngamiani

Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Tanga. Orodha ya vitu vya pilau ya harusi naikariri kichwani, kila kitu nikikiwaza kwenye barabara yake, maana karatasi pale soko la Mgandini hulowa, na simu haikubali vidole vyenye maji ya samaki. Sisi wa Ngamiani tuna bahati: barabara zetu zina namba, na namba hizo tunazijua tangu utotoni. Mtu wa mji mwingine atumie nyumba yake, chumba baada ya chumba.

Hatua ya 1: shika vituo
Chukua barabara 10 za mwanzo. Katika kila moja chagua kitu kimoja unachoweza kukiona ukiwa umefumba macho. Kwangu, ya 1 ni fundi baiskeli, ya 2 mlango mzee wa mbao, ya 3 baraza la wacheza bao, ya 4 muuza muhogo. Epuka maduka, yanafanana. Zipite kwa miguu siku mbili tatu, mpaka ukisikia "ya 7" picha ije yenyewe.

Hatua ya 2: weka vitu, na vifanye vurugu
Mchele ukikaa tu kwenye gunia utausahau. Mimi fundi anajaza upepo, tairi linapasuka, mchele unamwagika mpaka magotini. Karafuu zimepigiliwa mlangoni kama misumari, na umbo lake ni hilo hilo. Wacheza bao, kete zao ni vitunguu maji: wanalia wote, aliyefunga na aliyefungwa.

Hapa ndipo nilipoumia. Chumvi niliiweka kwa muuza muhogo. Sasa muhogo na chumvi, nani atashangaa? Nilipita pale kichwani, nikaona muhogo, nikaenda zangu. Sufuria iko motoni ndipo kijana akatumwa mbio na baiskeli. Kwa hiyo kitu usikiweke mahali kilipozoea kukaa. Siku hizi chumvi inanyesha kama mvua ya masika na muuza muhogo kajifunika sinia.

Hatua ya 3: pita tena
Pita mbele, kisha rudi nyuma kuanzia ya 10. Rudia baada ya saa moja, kabla ya kulala, na alfajiri. Ukifika ya 6 ukakuta patupu, unajua kitu kimekosekana na unajua ni cha ngapi. Ukikariri kwa kuimba, kikidondoka kimoja wimbo unaendelea kama hakikuwepo.

Mbinu yenyewe ni ya kale, na kisa chake kinaanzia karamuni, jambo linalonifurahisha mpishi mimi ingawa mwisho wake si mzuri. Cicero wa Roma aliandika mwaka 55 kabla ya Kristo kwamba Simonides, mshairi wa Kigiriki, alitoka nje ya ukumbi na nyuma yake paa likaanguka. Maiti hazikutambulika. Yeye akazitaja moja moja kwa kukumbuka nani alikaa wapi.

Hatua ya 4: shughuli mbili wiki moja
Usitumie njia ile ile. Mchele wa Alhamisi utakuwa bado umetapakaa kwa fundi Jumamosi. Ya pili iweke kuanzia barabara ya 11.

Vipimo siviweki humo kabisa. Hivyo naviandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni.