Mboga nyuma ya nyumba mwaka mzima: tuta moja kila Jumamosi ya pili

Nyumba yetu iko Chanika, pembeni ya Dar es Salaam, kwenye mchanga unaokunywa maji kama haujawahi kuyaona. Tunakula watu sita, na huu ni mwaka wa tano mboga za majani tunanunua mara chache sana. Wanaouliza siri hudhani ni mbolea. Hapana, ni mpangilio wa siku. Mwanzoni nililima Jumamosi moja nikasia kila kitu siku hiyo hiyo. Wiki ya nne mchicha ukatushinda kuumaliza, tukagawa mtaa mzima, na wiki ya sita nikarudi gengeni. Kwa hiyo hapa tunafanya matuta manne madogo, kila moja na zamu yake.

Hatua ya 1: Tafuta jua kabla ya kushika jembe

Mboga zinataka jua lisilopungua masaa sita kwa siku. Tatizo ni kwamba jua letu linahama: Desemba wakati wa adhuhuri limeelemea kusini, Juni limeelemea kaskazini. Tuta langu la kwanza nililichimba mwezi wa kumi na mbili, kusini mwa ukuta wa uani, kwa kuwa bomba liko hapo. Likapendeza kweli. Kufika mwezi wa sita, kivuli cha ukuta kilikuwa kimelifunika lote, na chainizi zimerefuka shingo bila majani ya maana. Upande huo sasa naacha hatua mbili kubwa kutoka ukutani.

Hatua ya 2: Tengeneza matuta manne

Upana mita moja, urefu mita tatu. Usizidishe upana; mtoto aweze kufika katikati kwa mkono bila kukanyaga udongo. Changanya madebe matatu ya samadi iliyooza kwa kila tuta. Mbolea ya kuku irundike, iloweshe, uiache mwezi mzima ipoe. Mimi niliwahi kuitoa bandani moja kwa moja, na siku ya tatu miche ilikuwa imebabuka ncha zote.

Masika, tuta liinuke sentimita 20 hadi 30, na mifereji pembeni. Kiangazi fanya kinyume: tuta lizame kidogo, lizungushie kingo, maji yatulie pale pale. Majirani wa nyuma yangu huwa wanacheka nikigeuza matuta mwisho wa Februari. Mvua ya Aprili ikija huacha kucheka.

Hatua ya 3: Sia mchicha, taratibu

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mbegu ya mchicha ni ndogo mno. Ukiimwaga kwa vidole itarundikana. Chukua kijiko kimoja cha chai cha mbegu, changanya na kikombe cha mchanga mkavu. Chora mistari ya kina kisichozidi sentimita moja, iachane sentimita 15 hadi 20, kisha nyunyiza mchanganyiko wako kama unatia chumvi kwenye chungu. Funika kwa udongo laini, mwembamba. Mwagilia kwa keni yenye matundu madogo. Ukimwaga kwa ndoo, mbegu zote zitahamia pembeni.

Zungushia majivu siku hiyo hiyo, maana sisimizi hubeba mbegu moja moja, na utalilaumu duka la pembejeo bure. Halafu tandaza nyasi kavu juu.

Kuanzia siku ya nne kazi ni ya kitindamimba wangu. Akitoka shule, kabla hajavua sare, anainua nyasi kwa vidole viwili na kuchungulia. Akiona vichwa vyekundu vidogo vimejikunja, anapiga kelele hadi jikoni. Siku hiyo jioni, jua likishapoa, nyasi zote zinaondolewa. Ukichelewa siku mbili, miche inalegea na kulala.

Wiki ya pili punguza iliyobanana. Hiyo unayong'oa usitupe. Ndiyo mboga tamu kuliko zote, haihitaji zaidi ya kitunguu na tui jepesi. Wiki ya tatu hadi ya nne ng'oa zote na mizizi.

Hatua ya 4: Gawa zamu

Tuta la kwanza na la pili ni ya mchicha tu. Unasia la kwanza, Jumamosi ya pili yake unasia lingine. Likifika wiki ya nne unang'oa, unaongeza debe la samadi, unasia tena. Hivyo kila baada ya wiki mbili kuna tuta linaloingia jikoni.

Tuta la tatu ni matembele. Kata vipande vya mashina vya sentimita 25 hivi, fukia nusu, mwagilia. Ndani ya wiki sita unaanza kuchuma ncha, na yanaendelea kwa miezi. Hili ndilo tuta la kumpa mtu mvivu. Jirani akirudisha bakuli lako na vitumbua ndani, matembele ndiyo hulijaza kwa safari ijayo.

Hatua ya 5: Tuta la nne lifuate msimu

Kiangazi, Januari na Februari, panda bamia. Loweka mbegu usiku kucha. Zikianza kuzaa, chuma kila baada ya siku mbili, zikiwa urefu wa kidole. Mama mkwe alinifundisha kuzijaribu kwa kuvunja ncha: ikikatika kwa mlio, ipikwe; ikijipinda bila kukatika, imeshakuwa kamba, iachie mbegu.

Masika panda maboga kwa ajili ya majani. Nyanya usiguse. Majani hayakauki, ukungu unaingia, na wiki moja inatosha kuzimaliza. Najua kila mtu anataka kuanza na nyanya. Anza nazo mwaka wa pili.

Wakati wa nyanya ni kipupwe. Sia kitalu mwisho wa Aprili chini ya kijibanda, hamisha miche mwisho wa Mei mvua zikipungua. Aina ya nyanya iitwayo Tengeru 97 inanifaa kwa sababu ganda lake gumu linavumilia kukaa kwenye tenga. Likizo ya Juni watoto wako nyumbani, kwa hiyo kufunga miche kwenye vijiti ni kazi yao. Chainizi na figiri nazo hupenda ubaridi huu.

Vuli ni kunde: majani kwanza, maharage yake baadaye.

Ramadhani msiifunge na mwezi wowote wa bustani, maana kila mwaka inawahi kwa kama siku 11. Kwetu mwezi huo mezani ni magimbi, viazi na tambi, mchicha haulizwi. Naruka zamu moja, tuta linapumzika.

Hatua ya 6: Wadudu

Viwavi tunaokota kwa mkono asubuhi, kuku wanamalizia. Kwa vidukari natwanga nusu kilo ya mbegu za mwarobaini, naloweka usiku kucha kwenye lita 10 za maji, nachuja kwa kitenge, napulizia jioni, kwani jua kali huiua nguvu. Kantangaze, mdudu wa nyanya aliyeingia nchini mwaka 2014, ni mgumu zaidi: jani la nyanya ukiliona limechorwa mabaka meupe, likate siku hiyo na ulichome. Usilitupe kwenye mboji.

Hatua ya 7: Weka mbegu zako

Acha miche minne ya mchicha iliyonawiri bila kuing'oa. Kichwa kikikauka, kisugue kiganjani. Mbegu nyeusi zikidondoka zenyewe, kikate. Anika juu ya kanga, pigapiga, pepeta kwa ungo mdogo mahali pasipo upepo, tia kwenye chupa kavu na andika tarehe. Andika na jina pia, kwa herufi kubwa. Chupa yangu ya kwanza haikuwa na maandishi, na baba watoto aliwamwagia kuku yote.