Kujenga na kusaini programu ya Android ndani ya kontena ya Docker

Kontena (mazingira yaliyotengwa ambayo Docker huyaendesha ndani ya kompyuta yako) unaifuta kazi ikiisha; ufunguo wa kusaini, faili linaloonyesha kwamba programu ni yako, unaishi nao miaka mingi. Kwa hiyo hapa tunagawa kazi mara mbili: kontena ya kwanza inajenga programu bila kuuona ufunguo, ya pili inasaini ikiwa imekatiwa intaneti. Sababu ni moja. Gradle (zana ya kujengea programu za Android) ikijenga, inaendesha msimbo wa plagini ulizozishusha mtandaoni, na plagini mbovu inaweza kusoma kila faili lililo mbele yake. Ufunguo usiokuwepo hauibiwi.

Maelezo haya ni ya Linux. Kwa iPhone njia hii haifai, maana Xcode hufanya kazi kwenye macOS tu.

Anza na Dockerfile, faili la maagizo ya kutengeneza imeji (kiolezo ambacho kontena huanzishwa kutoka kwacho). Android Gradle Plugin ya toleo la 8 inataka JDK 17 (zana za Java), basi tunaanzia hapo:

```
FROM --platform=linux/amd64 eclipse-temurin:17-jdk-jammy
ENV ANDROID_HOME=/opt/android
ENV PATH=$PATH:$ANDROID_HOME/cmdline-tools/latest/bin:$ANDROID_HOME/build-tools/34.0.0
RUN apt-get update && apt-get install -y curl unzip \
 && mkdir -p $ANDROID_HOME/cmdline-tools \
 && curl -fsSL -o /tmp/z.zip https://dl.google.com/android/repository/commandlinetools-linux-11076708_latest.zip \
 && unzip -q /tmp/z.zip -d $ANDROID_HOME/cmdline-tools \
 && mv $ANDROID_HOME/cmdline-tools/cmdline-tools $ANDROID_HOME/cmdline-tools/latest \
 && rm /tmp/z.zip
RUN yes | sdkmanager --licenses \
 && sdkmanager "platform-tools" "platforms;android-34" "build-tools;34.0.0"
```

Mstari wa `mv` usiuruke. Zipu ikifunguliwa inatoa folda la `cmdline-tools`, lakini `sdkmanager` inataka kukaa ndani ya `cmdline-tools/latest`. Isipokuwa hapo inalalamika kwamba haioni mzizi wa SDK (folda kuu la zana za Android). Na `linux/amd64` imewekwa kwa makusudi: zana za Google za Linux, aapt2 (inayofungasha rasilimali za programu) ikiwemo, zimetengenezwa kwa prosesa za x86_64. Kwenye Mac yenye chipu ya M1 au mpya zaidi, bila mstari huo imeji inajengeka vizuri kabisa, halafu kazi inakwama aapt2 inapoitwa. Ukiuweka, kazi inakwenda polepole, lakini inafika.

Jenga imeji, kisha programu:

```
docker build -t jenga-android .
mkdir -p $HOME/kache
docker run --rm -u $(id -u):$(id -g) \
 -e HOME=/kache -e GRADLE_USER_HOME=/kache/.gradle \
 -v "$PWD":/kazi -v "$HOME/kache":/kache -w /kazi \
 jenga-android ./gradlew --no-daemon bundleRelease
```

Folda la `kache` linaokoa bando: bila hilo, kila ukijenga Gradle inajishusha upya pamoja na maktaba zote. Liunde mwenyewe kwanza, kwa sababu Docker ikiliunda linakuwa mali ya root (mtumiaji mkuu wa Linux) na Gradle inakosa ruhusa ya kuandika. Faida nyingine haionekani haraka. Saini ya majaribio, `debug.keystore`, hutengenezwa pale isipokuwepo. Kontena ikifutwa nayo inapotea, na jengo la majaribio la kesho linakataa kukaa juu ya la leo kwenye simu ileile.

Mambo yanayokwamisha hatua hii yanajulikana. Faili la `local.properties` lililoandikwa na Android Studio lina njia ya SDK ya kompyuta yako, nalo linasikilizwa kuliko `ANDROID_HOME`. Liondoe kabla ya kujenga. `gradlew` iliyohifadhiwa Windows ina miisho ya mistari ya CRLF (mtindo wa Windows), na Linux inasema haikuona faili ingawa unaliona kwa macho. Irudishe kwenye LF (mtindo wa Linux). Mradi ukidai `compileSdk` (toleo la SDK la kujengea) 35 wakati imeji ina 34, Gradle inajaribu kushusha iliyokosekana, inakuta `/opt/android` ni ya root, inasimama. Hapo rekebisha Dockerfile, usilegeze ruhusa.

Ukiambiwa daemoni ya Gradle (mchakato wake wa nyuma ya pazia) imetoweka ghafla, au kontena ikatoka na namba 137, mara nyingi ni kumbukumbu imekwisha na mchakato umeuawa. Weka `org.gradle.jvmargs=-Xmx2g` kwenye `gradle.properties`, na uipe kontena nafasi zaidi ya hizo GB 2, kwa sababu JVM (mashine ya Java inayoendesha Gradle) inakula pia nje ya kiwango hicho.

Sasa ufunguo. Huu unatengenezwa mara moja tu:

```
mkdir -p $HOME/funguo && chmod 700 $HOME/funguo
docker run --rm -it --network none -u $(id -u):$(id -g) \
 -v "$HOME/funguo":/funguo jenga-android \
 keytool -genkeypair -keystore /funguo/upload.jks -alias upload \
 -keyalg RSA -keysize 2048 -validity 10000
```

Siku 10000 ni kama miaka 27. Nywila iandike kwenye `$HOME/funguo/nywila.txt`, uifunge kwa `chmod 600`, na uweke nakala ya ufunguo nje ya kompyuta hiyo.

Kamwe usiingize faili la ufunguo kwenye imeji kwa `COPY`. Hata ukilifuta kwenye mstari unaofuata, linabaki kwenye tabaka la chini, na yeyote mwenye imeji analitoa. Nywila iliyowekwa kwa `ENV` nayo inasomeka kwa `docker inspect`. Ufunguo na nywila vipitishe kama folda la kusomwa tu:

```
docker run --rm --network none -u $(id -u):$(id -g) \
 -v "$PWD/app/build/outputs/bundle/release":/kazi \
 -v "$HOME/funguo":/funguo:ro jenga-android \
 jarsigner -keystore /funguo/upload.jks \
 -storepass:file /funguo/nywila.txt \
 -signedjar /kazi/tayari.aab /kazi/app-release.aab upload
```

Hatua hii inategemea kwamba `build.gradle` haina `signingConfig` kwa toleo la release. AAB (Android App Bundle, faili la kupakia Play) ndiyo Google Play inayoidai kwa programu mpya tangu Agosti 2021.

Ukitaka APK (faili linalowekwa kwenye simu moja kwa moja) ya kugawa mkononi, jenga kwa `assembleRelease`, na ndani ya kontena ya kusaini endesha hizi mbili, kwa mpangilio huuhuu:

```
zipalign -p -f 4 app-release-unsigned.apk pangwa.apk
apksigner sign --ks /funguo/upload.jks --ks-key-alias upload \
 --ks-pass file:/funguo/nywila.txt --out tayari.apk pangwa.apk
```

Saini ya v2, iliyokuja na Android 7.0, inalinda faili zima. Ukiendesha `zipalign` baada ya kusaini umeshaivunja. Usitumie `jarsigner` kwa APK: inatoa v1 pekee, na programu inayolenga API 30 kwenda juu haitakubali kuingia kwenye Android 11 na kuendelea.

Kagua kwa `apksigner verify --verbose --print-certs tayari.apk`, na kwa AAB `keytool -printcert -jarfile tayari.aab`. Linganisha alama ya SHA-256 ya cheti cha saini na ile ya toleo lililopita, herufi kwa herufi. Simu ikijibu `INSTALL_FAILED_UPDATE_INCOMPATIBLE`, saini hazifanani. Lakini kama iliyomo kwenye simu ilitoka Play, usihangaike na ufunguo wako: kwa programu iliyo chini ya Play App Signing, Google huisaini upya kwa ufunguo wa programu inaoutunza, na wako wa kupakia hutumika kukutambua tu. Ondoa ya Play kwanza, kisha weka yako.