Asmini, mrehani na pasheni: vya kupanda uani msimu wa masika

Kwa uani mdogo wa pwani, iwe Dar, Unguja au Mombasa, chimba mashimo Februari ili mvua za Machi zikute udongo umeshatulia.

Pasheni ndiyo yenye kazi. Chagua ya njano, maana ya zambarau hupenda ubaridi wa nyanda za juu. Shimo liwe sentimita 45 kila upande. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza. Mbichi huunguza mizizi. Panda miche miwili yenye asili tofauti, usipande mmoja: pasheni ya njano haijichavushi, ndiyo maana wengi huona maua tele na tunda hakuna. Wachavushaji ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, basi usiwafukuze. Wakiadimika, hamisha chavua kwa brashi laini alasiri, maua yakiwa wazi.

Mrehani haisumbui. Kata kitawi cha sentimita 10 chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ya chini, kitie kwenye glasi ya maji. Mizizi hutoka ndani ya wiki mbili hivi. Vishada vya maua vikate mapema, isipokuwa unavitaka kwa kikuba, kile kishada cha maua na majani ya kunukia wanachojipamba nacho wanawake.

Asmini huanzia kipande cha sentimita 15 cha tawi lililoanza kukomaa, kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini, wiki 4 hadi 6. Kisha ipe jua kwa muda wa saa sita kila siku. Samadi ikizidi utavuna majani tu. Pogoa maua yakipungua. Mapya hutokea kwenye machipukizi.